Kutafuta undugu mbele ya ndoa

Kijana wa Baraka na binti wa Fizi wanafika kwa padri kuandikisha ndoa. Padri anauliza: «Ninyi ni ndugu?» Wanajibu: «Hapana, Padri, kila mtu na ukoo wake.» Jibu hilo linatosha? Tunasema: halitoshi. Tueleze sababu, kisha tuonyeshe njia.

I. Ukoo unaonyesha upande mmoja

Kwa Wabembe mtoto anafuata ukoo wa baba. Majina kama Basikalangwa na Basimukindja yanajulikana na wote, na kila mtu amefundishwa kutooa ndani ya ukoo wake. Desturi hiyo ni njema, lakini inalinda upande wa baba tu. Dada wawili wa tumbo moja wakiolewa katika koo mbili, watoto wao watakuwa na majina mawili ya ukoo, na huku bibi yao ni mmoja. Eklezya inahesabu damu ya baba na damu ya mama sawasawa.

II. Namna ya kuhesabu

Sheria ya Eklezya ya mwaka 1983 inakataza ndoa kati ya wazazi na wazao wao wote, na kwa upande hata digrii ya 4. Kuhesabu si kazi ngumu: tunahesabu watu wote wa njia mbili, tunamwacha mzee wao wa kwanza. Tuseme Paulo na Yozefu ni wana wa baba mmoja. Paulo anamzaa Petro, Yozefu anamzaa Maria. Paulo, Petro, Yozefu, Maria: watu 4, basi digrii ya 4. Petro hawezi kumwoa Maria pasipo ruhusa ya Askofu. Kaka na dada ni digrii ya 2: kwao ruhusa haitolewi kamwe. Na kukiwa na mashaka kama wale wawili ni mtu na mzao wake, ao ni kaka na dada, ndoa haifungwi.

Tuangalie jambo moja katika vitabu vya mbele ya 1983. Zamani walihesabu vizazi vya njia moja tu. Ruhusa iliyoandikwa kule «digrii ya 2» ndiyo digrii ya 4 ya leo.

III. Ushuhuda wa wazee

Shida hii si ya Afrika peke yake. Katika Uingereza ya kale, jamaa zenye mashamba zilioana mara nyingi kati yao, na undugu wao uligusa ndoa na urizi pamoja. Vitabu vya parokia havikuwapo. Mfalme aliviagiza kule katika mwaka 1538. Mbele ya hapo, mrizi akitaka shamba lake, watu waliitwa kushuhudia umri wake. Mmoja alikumbuka kwamba mwana wake mwenyewe alizaliwa mwaka ule ule. Mwingine alikumbuka kifo ao safari. Ndivyo wanavyofanya wazee wetu hata leo, wanaposema: «Alizaliwa mbele ya vita vya 1964.»

Konsili ya nne ya Laterano, mwaka 1215, ilipunguza makatazo toka digrii ya 7 mpaka ya 4, kwa hesabu ya zamani. Konsili hiyo iliona tena kwamba watu wengi walishuhudia undugu kwa kusikia-sikia tu. Kwa hiyo iliagiza: ushuhuda wa namna hiyo usikubaliwe, isipokuwa wa watu wa heshima, waliopata habari mbele ya mashindano kuanza, tena toka kwa wazee wawili ao zaidi, si mmoja. Agizo hilo lina akili nyingi. Mzee anayekumbuka undugu siku ile tu mali ya ndoa inapogombaniwa, tumsikilize kwa uangalifu.

IV. Vitabu na vita

Konsili ya Trento, mwaka 1563, iliwaagiza waparoko kuandika ndoa katika kitabu, na kuandika majina ya wasimamizi wa ubatizo. Leo tunaandika wazazi pia, na ndoa inatajwa katika kitabu cha ubatizo. Hivi kitabu kimoja kinaweza kutupeleka toka mtoto hata kwa babu.

Lakini inchi yetu imepita katika mateso. Tarehe 28 Novemba 1964 waliuawa mapadri Giovanni Didonè na Albert Joubert kule Fizi, padri Luigi Carrara na bruda Vittorio Faccin kule Baraka. Wote 4 walitangazwa wenye heri kule Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Vita vya 1996 na 1998 viliwatawanya watu wengi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika makambi ya Lugufu na Nyarugusu. Watoto walilelewa na watu wasio wazazi wao, wakashika majina ya walezi. Wawili kama hao wanaweza kuwa wa bibi mmoja pasipo kujua.

V. Mashauri kwa makatekista

1. Usiulize «Ni ndugu yako?» Kwetu ndugu wa baba ni baba pia, na mtoto wake ni ndugu. Uliza: «Nani alikuzaa? Mama yake nani? Walikuwa tumbo moja?»
2. Andika jina la ukoo wa baba na la ukoo wa mama, hata kwa babu na bibi wote 4.
3. Uliza wazee wawili, kila mmoja peke yake, mmoja akiwa wa upande wa mama.
4. Jina la babu linarudi kwa mjukuu. Usiwafanye watu wawili kuwa mmoja.
5. Tangaza ndoa pande zote mbili. Kila mkristu anayejua kizuizi ana lazima ya kumwambia mparoko mbele ya ndoa.

Kazi hii inadai saa chache na karatasi moja. Kuiacha kunaweza kuwaletea watu wawili, na watoto wao, machozi ya miaka mingi, maana ndoa iliyofungwa juu ya kizuizi si ndoa. Basi tuwaulize wazee wangali hai, tena tuandike.