Mwani wa Unguja: Kwa nini mkulima hupata kidogo?

Msikilizaji wetu, ukipita Paje au Jambiani wakati wa bamvua, maji yakishatoka, utawaona kina mama wameinama kwenye kamba zao za mwani. Wengi wetu tunadhani kazi hii ni ya tangu enzi za mababu. Kumbe kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji hivyo hivyo vya mashariki, kwa mbegu kutoka Ufilipino.

Aina zinazolimwa ni mbili. Spinosamu ni mvumilivu, lakini bei yake ndogo. Kotonii inalipa zaidi, ila haihimili joto. Maji ya pwani yalipozidi kupata moto, ikawa inafia kwenye kamba.

Baada ya wiki sita hivi mwani huvunwa, huanikwa, huuzwa kwa wanunuzi na kusafirishwa nje. Viwanda vya huko hutoa ndani yake karajinani, kinachoipa dawa ya meno na aiskrimu uzito. Faida kubwa hubaki huko, si kwa aliyesimama majini.

Ndiyo maana tangu mwaka 2006 Dkt. Flower Msuya, mtafiti wa mwani hapa Zanzibar, amekuwa akiwahimiza wakulima kuongeza thamani. Kina mama wamejifunza kusaga mwani na kutengeneza sabuni. Mwani mkavu huuzwa kwa kilo, na bei huipanga mnunuzi. Sabuni huuzwa kipande kipande, na bei anaitaja mwenyewe aliyeitengeneza.