Akikwambia Umeme Unakatwa Baada ya Nusu Saa



Kabla sijakueleza habari za matapeli wa simu, nianze na yaliyonipata mimi mwenyewe.

Mwaka wetu wa kwanza hapa Marekani, mimi ndiye niliyekuwa na Kiingereza nyumbani. Barua zote nilisoma mimi, simu zote nilipokea mimi. Jioni moja ya Desemba simu ikalia. Kwenye kioo lilionekana jina la kampuni yetu ya umeme. Mwanaume mmoja akanisalimu kwa upole, akataja jina la baba na mtaa tuliokaa, kisha akasema bili yetu haijalipwa na fundi yuko njiani kuja kukata umeme. Tulikuwa na nusu saa. Njia pekee ya kumrudisha fundi, alisema, ni niende dukani, ninunue kadi na kumsomea namba zilizo nyuma yake.

Nje kulikuwa na theluji. Ndani alikuwamo mtoto mchanga wa dada yangu. Nilikimbia. Nililipa dola 300, na pesa hiyo ilikuwa ya kodi ya nyumba.

Kesho yake nilipiga simu kwenye kampuni yenyewe. Hatukuwa na deni hata senti moja.

Kwa nini tunanaswa

Watu hudhani anayetapeliwa ni mjinga. Si kweli. Sisi tunanaswa kwa sababu ya tuliyoyazoea.

Kongo, umeme hukatika bila taarifa yoyote. Tanzania, mwenye mita ya LUKU hununua umeme kwanza, na uniti zikiisha, giza linaingia palepale. Kwa hiyo mtu akikwambia "unakatiwa sasa hivi", unaona ni jambo la kawaida. Tena kambini tulijifunza kwamba jina lako likitajwa ofisini, unakimbia. Ukichelewa, nafasi imepita. Tapeli hakujui, lakini anatumia woga huohuo.

Hapa utaratibu ni mwingine. Unatumia umeme kwanza, bili inakuja baadaye. Usipolipa, kampuni hukukumbusha, kisha hukutumia taarifa ya maandishi yenye kiasi unachodaiwa na tarehe ya kukatiwa. Mambo hayo huchukua siku nyingi, mara nyingi wiki kadhaa. Kila jimbo lina sheria zake, na majimbo mengi yanazuia au yanapunguza ukataji wakati wa baridi kali. Kampuni ya kweli inaweza kukupigia kukukumbusha deni, lakini haitakupa nusu saa ukimbilie dukani kununua kadi.

Jina kwenye kioo si ushahidi

Matapeli wana mitambo ya kufanya simu yako ionyeshe jina na namba ya kampuni halisi. Sheria ya Marekani inakataza kufanya hivyo kwa nia ya kudanganya, lakini mwizi hasubiri ruhusa ya sheria. Kujua jina lako na anwani yako pia si ushahidi, maana habari hizo hupatikana kirahisi kwenye intaneti.

Kama uliwahi kutumia M-Pesa, huenda unaikumbuka ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Wengi wetu tuliisoma, tukacheka, tukaifuta. Hii ni ndugu yake. Tofauti ni kwamba hii inazungumza Kiingereza fasaha, na sisi tukisikia Kiingereza fasaha tunadhani ni serikali.

Dalili nne za tapeli

1. Anakuharakisha. "Dakika 30." "Fundi yuko njiani." Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na kwenye simu hizi ndivyo ilivyo.

2. Anachagua njia ya kulipa ambayo pesa hairudi. Atataka kadi za zawadi zinazouzwa madukani, zile zilizoandikwa Gift Card, au Zelle, Cash App, au sarafu za mtandaoni. Wengine hukutumia picha yenye mistari myeusi, kama ile iliyo kwenye bidhaa, wakakuambia ukalipe kwa keshia. Kampuni ya umeme, maji au gesi hailipwi kwa kadi za zawadi, hata siku moja.

3. Hataki ukate simu. "Nitabaki nawe mpaka ufike dukani. Usimwambie mtu." Anajua ukiongea na mtu mwingine, utashtuka.

4. Anataka siri zako: namba ya Social Security, namba ya kadi ya benki, au tarakimu zilizoingia kwenye simu yako sasa hivi.

Mara nyingine anakuja na habari njema: "Mmelipa zaidi, tupe akaunti ya benki tuwarudishie." Mara nyingine anabisha hodi mlangoni akiwa amevaa kama fundi, anataka kuona bili yako. Usimfungulie na usimwonyeshe. Piga simu kwanza kwenye kampuni uulize kama wamemtuma.

Ufanye nini

Kata simu. Najua kwetu kumkatia mtu simu akiwa anaongea ni kukosa adabu, hasa anapoongea kwa upole. Lakini huyu si mgeni wako. Huna haja ya kubishana naye wala kumuaga. Usibonyeze namba yoyote anayokutajia. Ikiwa ni meseji yenye kiungo, usikifungue.

Kisha chukua bili yako ya karatasi, upige namba iliyochapishwa pale. Usitumie namba aliyokupa yeye. Usitumie pia namba ya kwanza unayoiona ukitafuta kwenye intaneti, kwa sababu matapeli huweka namba zao hata huko. Mtu akipokea, sema "Swahili, please" na usubiri kama wana mkalimani. Uliza mambo mawili tu: Je, nina deni? Je, kuna tarehe ya kukatiwa? Ukishindwa, tuletee bili ofisini tupige pamoja.

Neno moja kwa wazazi. Katika nyumba nyingi, mtoto ndiye anayepokea simu na kutafsiri. Mwambieni mapema kwamba akisikia habari za kulipa pesa, akate simu na kuwaita. Msimwachie mtoto uamuzi huo peke yake.

Kama umeshalipa

Usipoteze muda kwa aibu, maana saa za kwanza ndizo muhimu.

Kama ulinunua kadi, itunze pamoja na risiti. Piga simu kwenye kampuni iliyotoa kadi hiyo, waambie imechukuliwa na matapeli, na uombe wazuie pesa iliyobaki. Kama ulituma kwa benki au Zelle, pigia benki yako mara moja. Kama ulitoa namba ya Social Security, nenda kwenye IdentityTheft.gov, au njoo tukusaidie kufanya hivyo.

Halafu toa taarifa FTC, ofisi ya serikali kuu inayopokea malalamiko ya utapeli, kwa simu 1-877-382-4357. Uliza mkalimani. Kutoa taarifa si kukiri kosa. Wewe ndiye uliyeibiwa.

Kama deni ni la kweli

Hapo pia usijifiche. Pigia kampuni kabla ya tarehe ya kukatiwa, uombe kulipa kidogo kidogo. Uko pia mpango wa serikali uitwao LIHEAP unaosaidia familia zenye kipato kidogo kulipia joto na umeme. Pesa zake zina kikomo, kwa hiyo omba mapema. Ukipiga 211, simu ya bure katika sehemu nyingi za nchi, watakuelekeza mahali pa kuomba karibu nawe. Mtu asiyekuwa na hofu ya bili yake ni mgumu kutapeliwa.

Mwisho

Sijamaliza habari yangu. Baba aliponiuliza pesa ya kodi imepunguaje, nilimwambia nimeiangusha njiani. Niliona aibu. Mimi mwenye Kiingereza, nimedanganywa kwa Kiingereza! Sikumwambia mtu yeyote.

Mwezi uliofuata, mama mmoja jirani yetu, mtu wa Kivu kama sisi, alipigiwa simu ya namna ileile: kampuni ileile, nusu saa ileile. Naye alilipa. Alikuwa akija kwetu karibu kila jioni kunywa chai. Kama ningekuwa nimesema, angecheka na kukata simu.

Ndiyo maana leo nasema. Simu hiyo ikikujia, kata. Ukishakata, mwambie jirani, waambie kanisani au msikitini, na tuambie na sisi. Hata kama umeshalipa, sema. Aibu yako ya siku moja inaweza kuokoa kodi ya mwenzako.