Masafa au Marudio? Maelezo juu ya Kulandanisha Mawimbi ya Dijitali

Tangu mitambo ya televisheni ya analojia ilipozimwa, Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 2012 na Tanga mwanzoni mwa mwaka 2013, neno king'amuzi limeenea hata katika vijiji vya Muheza vilivyo mbali na barabara kuu. Neno hilo limeundwa vyema kutokana na kitenzi ng'amua, wala halihitaji kutetewa. Walakini kazi ya kwanza ya chombo hiki, kabla hakijang'amua lolote, ni kujilinganisha na mawimbi yanayokijia, na kazi hiyo ni vigumu kuieleza kwa lugha yetu. Sababu moja, kwa maoni yangu, ni neno masafa.

Neno hili lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni umbali. Watangazaji wa redio waliposema masafa mafupi au masafa ya kati walisema kweli, maana walitaja urefu wa wimbi, upimwao kwa mita. Baadaye neno likahamia kwenye idadi ya mitetemo ya wimbi katika sekunde moja, ipimwayo kwa hezi. Sasa vipimo hivi viwili huenda kinyume: wimbi likiwa fupi, mitetemo yake ni mingi. Hivyo mwanafunzi huambiwa kwamba masafa mafupi yana masafa makubwa, naye hana kosa akidhani mwalimu amechanganyikiwa. Katika makala haya nitaita idadi hiyo marudio, na masafa nitayaachia umbali. Kufanya marudio ya vyombo viwili yawe sawa nitakuita kulandanisha, kutokana na kitenzi cha zamani landa, yaani kufanana.

Tuliangalie jambo lenyewe. Tanzania ilichagua kiwango kiitwacho DVB-T2. Humo habari haibebwi na wimbi moja lenye haraka, bali hugawanywa kwa maelfu ya wachukuzi waendao polepole. (Nimewapa upatanisho wa viumbe hai, apendaye wimbi chukuzi sitagombana naye.) Katika mpango mmoja wa kiwango hicho, ndani ya mkondo wa megahezi 8, wachukuzi ni zaidi ya 27,000, nao wametengana kwa hezi 279 tu. Hakuna nafasi tupu kati yao. Kinachowatenga ni hesabu. Katika muda wa alama moja, ambao ni milisekunde 3.6 hivi, kila mchukuzi hukamilisha mizunguko isiyo na kipande, akimzidi jirani yake kwa mzunguko mmoja. Kwa hiyo chombo kikimpima mmoja, wengine wote hujifuta na kuwa sifuri.

Sharti hili ni kali. King'amuzi hupata marudio yake kutoka kwa kipande cha fuwele, na fuwele ya bei nafuu yaweza kukosea kwa sehemu 10 katika milioni. Penye megahezi 600 kosa hilo ni hezi 6,000, yaani nafasi 21 na nusu za wachukuzi.

Hizo 21 na hiyo nusu ni makosa ya aina mbili, na saa yetu ya Kiswahili yatupa mfano. Mtu akisoma saa ambayo mshale mdogo u kwenye 8, husema saa mbili. Dakika hazimsumbui, kwa kuwa tofauti ni sita kamili. Vivyo hivyo zile nafasi 21 nzima haziharibu utengano wa wachukuzi, ila kila mmoja huitwa kwa jina la mwingine. Nusu iliyobaki hudhuru kwa namna nyingine: mizunguko haikamiliki tena, kila mchukuzi huvujia jirani zake, na picha hukatika vipande au hutoweka kabisa.

Kipande hicho hupimwa kwa kitu kilichowekwa kwa sababu nyingine. Mbele ya kila alama hutangulizwa nakala ya mwisho wa alama hiyo hiyo, ili mwangwi urudishwao na milima, kama hiyo ya Usambara iliyo jirani na Muheza, usichanganye alama mbili. King'amuzi hulinganisha nakala na asili yake. Marudio yasipolandana, ya pili huwa imegeuka kwa pembe fulani, na pembe hiyo ndiyo kipimo cha kosa. P. H. Moose alieleza mwaka 1994 jinsi ya kupima kwa kurudia alama ile ile mara mbili, na T. Schmidl na D. Cox wakaendeleza njia hiyo mwaka 1997. Lakini pembe ikimaliza duara hurudi mwanzo: hutaja dakika, haitaji saa. Saa hutafutwa kwa alama fupi ya P1 iliyo mwanzoni mwa kila fungu, na kwa wachukuzi viongozi, ambao mahali pao na ujumbe wao vyajulikana tangu awali. King'amuzi husogeza ramani yake nafasi kwa nafasi mpaka viongozi wakae mahali pao.

Mpokeaji akisafiri, kosa halitulii. Basi liendalo Tanga kwa kilomita 80 kwa saa, likielekea mnara moja kwa moja, huongeza hezi 44 hivi penye megahezi 600, karibu sehemu moja ya sita ya nafasi ya hezi 279. Simu ya kizazi cha nne, ambayo wachukuzi wake wametengana kwa hezi 15,000, haijali.

Wako wanaosema sawazisha badala ya landanisha. Mimi ningeliweka neno hilo kwa kazi ifuatayo, ya kurekebisha nguvu na pembe za wachukuzi walioathirika njiani. Kazi hiyo haianzi mpaka marudio yamekwisha kulandana, na fundi aliyepewa neno moja kwa mambo yote mawili hatajua ni lipi limeharibika.