Ganzi ya Miguu na Mikono: Neva Zinapokosa Vitamini

Ganzi humpata kila mtu. Aliyekaa kitako mkekani muda mrefu huinuka na kukuta mguu umekufa, kisha hisia zikianza kurudi huchomwachomwa kama kwa sindano. Neva ilibanwa, imeachiwa, na baada ya dakika chache mambo yamekwisha. Inayohitaji kuchunguzwa ni ganzi inayokuja bila mguu kukaliwa na kudumu wiki baada ya wiki: nyayo zinazowaka moto usiku, vidole vinavyohisi kama vinatambaliwa na sisimizi, kandambili inayochomoka na mwenye mguu asijue.

Neva ndefu kuliko zote hutoka kiunoni hadi kwenye vidole vya miguu, na kwa mtu mzima huweza kufikia urefu wa mita moja. Seli inayoilisha iko juu, kando ya uti wa mgongo. Kila kinachohitajika vidoleni husafirishwa umbali wote huo ndani ya uzi mwembamba uliovikwa ala ya mafuta. Lishe ya seli ikipungua, ncha za mbali ndizo huumia kwanza. Ndiyo maana ganzi ya upungufu huanza kwenye vidole vya miguu yote miwili, hupanda kama soksi, na inapokaribia magoti ndipo vidole vya mikono navyo huanza. Kisukari, pombe na baadhi ya dawa hufuata njia hiyo hiyo. Ganzi ya mkono mmoja inayomwamsha mtu usiku, ikishika kidole gumba, cha shahada na cha kati, mara nyingi ni neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono. Hapo kumeza vitamini hakusaidii.

Katika vitamini zote, B12 ndiyo ya kuulizwa kwanza. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 2.4 hivi kwa siku, kiasi kidogo mno, lakini hakipatikani kwenye mboga wala nafaka ambazo hazikuongezewa virutubisho. Hupatikana kwenye maini, nyama, samaki, dagaa, mayai na maziwa. Kwa kuwa ini huweka akiba ya miaka kadhaa, aliyeacha vyakula hivyo huanza kuumwa wakati amekwisha kusahau aliviacha lini.

Kula tu hakutoshi. Tumbo hutoa asidi ya kuichomoa vitamini hii kutoka kwenye chakula, na pia protini maalumu ya kuisindikiza hadi mwisho wa utumbo mwembamba, inakofyonzwa. Kwa hiyo mtu anaweza kula maini kila wiki na bado apungukiwe: kinga ya mwili wake ikishambulia seli za tumbo, tumbo likikatwa kwa upasuaji, au akimeza dawa za kupunguza asidi kwa miaka. Metformini, dawa ya kisukari inayotumiwa na watu wengi sana, nayo hupunguza ufyonzwaji wa B12. Hapa ndipo kosa hutendeka kwa urahisi: mgonjwa wa kisukari akilalamikia ganzi, lawama zote hupewa sukari, na kipimo cha B12 hakifanywi. Hilo halifai, kwa sababu madhara ya upungufu huu yanatibika yakiwahiwa. Yakiachwa huingia hadi kwenye uti wa mgongo, mtu akapoteza uwezo wa kujua miguu yake iko wapi. Gizani huyumba, na akifumba macho kunawa uso hupepesuka.

Damu nayo hupungua, ila si lazima. Neva zinaweza kuharibika huku kipimo cha wingi wa damu kikiwa sawa. Asidi ya foliki, inayotolewa sana kwa wenye upungufu wa damu, huweza kuirekebisha damu na kuziacha neva zikiendelea kufa kimyakimya.

Vitamini B1 haina akiba ndefu. Huisha mwilini kwa wiki chache. Daktari Mholanzi Christiaan Eijkman, akifanya kazi kisiwani Java mwishoni mwa karne ya 19, aliona kuku waliolishwa wali wa mchele uliokobolewa wakipooza miguu, na wakipona waliporudishiwa mchele wenye kumbi zake za ndani. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Kukoboa mahindi kuwa sembe huondoa sehemu ile ile yenye B1, ambayo dona huibakiza. Walio hatarini zaidi ni wanywaji wa pombe wasiokula, na wajawazito wanaotapika mfululizo.

B6 hupunguzwa na isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, na ndiyo sababu wagonjwa wengi hupewa B6 pamoja nayo. Lakini B6 ikizidi kwa muda mrefu, yenyewe husababisha ganzi. Kununua vidonge vya vitamini B dukani na kuongeza dozi kila ganzi inaposhika ni hatari halisi.

Upungufu wa kalsiamu una dalili zake: ganzi huzunguka midomo na kushika ncha za vidole, na viganja huweza kukakamaa. Hutokea baada ya upasuaji wa tezi ya shingo, vitamini D inapopungua, au magnesiamu inapopotea kwa kuhara na kwa dawa za kukojoza.

Si kila ganzi ya kusubiri miadi. Ikija ghafla upande mmoja pamoja na mdomo kupinda, au ikipanda kwa siku chache huku miguu ikilegea, ni ya kukimbizwa hospitali. Baka la ngozi lisilohisi mguso huhitaji kupimwa ukoma.

Uchunguzi wa kawaida huanza na sukari, wingi wa damu na ukubwa wa chembe nyekundu, B12, kalsiamu na utendaji wa figo, pamoja na orodha kamili ya dawa zinazomezwa. Upungufu wa B12 ukithibitika, hutibiwa kwa sindano au vidonge vya dozi kubwa. Damu hurekebika ndani ya wiki kadhaa. Neva huchukua miezi, na zilizoumia muda mrefu huenda zisirudi zote.