Taa, samaki asiye na mfupa

Tunaposoma katika Mwanzo 1 kwamba viumbe vya majini viliumbwa kila kimoja kwa aina yake, sisi wa Kivu na Tanganyika tunawaza sambaza, ndagala na kambale. Baharini kuna taa, samaki mpana kama ungo, jamaa ya papa. Hana mfupa hata mmoja. Mwili wake umeshikwa na gegedu, kama lile la sikio letu. Kinywa kiko upande wa chini, kwa hiyo akilala mchangani anavuta maji ya kupumua kwa matundu yaliyo nyuma ya macho.

Uzazi wake ndio unaotushangaza zaidi. Ndagala haishi sana, lakini anazaa kwa wingi. Taa mkubwa wa Scotland, anayepita urefu wa mita 2, anataga mayai machache, kila yai katika mfuko mgumu wenye pembe 4, na mtoto anakaa humo karibu mwaka mmoja na nusu. Samaki wa namna hiyo, nyavu zinammaliza upesi. Mwaka 1981 mtafiti aliandika kwamba ametoweka katika Bahari ya Ireland, ambako zamani alikuwa wa kawaida.

Tena walikuwa wakimhesabu kwa jina moja. Kufika 2010 watafiti walionyesha kwamba ni aina 2, mkubwa na mdogo, na hesabu ya mdogo ilikuwa imefunika upungufu wa mkubwa. Tangu 2009 Umoja wa Ulaya unakataza kumleta pwani. Anayenaswa anarudishwa majini.