MUME WA RAIS TUMWITE NANI?

Kwetu ni Kikopey, pale penye nyama choma, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru. Mamangu ni naibu wa chifu. Babangu huchoma nyama. Wateja humtania, "Wewe nawe tukuite Mama Chifu?" Yeye hucheka, lakini najua humuuma. Manake mke wa chifu huitwa Mama Chifu kwa heshima, na mkutanoni hupewa kiti mbele. Baba husimama nyuma. Basi nikaanza kuchunguza cheo hiki.

Hapa Kenya, mke wa Rais wa kwanza tunamwita Mama Ngina hadi leo. Rais Moi naye alitawala kuanzia 1978 hadi 2002. Alikuwa ametengana na mkewe, Bi. Lena, tangu 1974, kwa hivyo kwa miaka 24 hatukuona mke wa Rais katika sherehe za taifa. Je, serikali ilikwama? La hasha! Hata Katiba ya 2010 haimpi mke wala mume wa Rais kazi yoyote. Ni cheo cha desturi, hakipigiwi kura.

Hata hivyo, mwenye bidii hukitumia vyema. Mwaka 2014 Bi. Margaret Kenyatta alikimbia mbio za masafa marefu za London ili kuchangisha pesa za kliniki za magari, akina mama na watoto watibiwe. Huko Uganda, Bi. Janet Museveni aliteuliwa waziri wa elimu mwaka 2016. Hapo tuwe macho: uwaziri ni kazi ya sheria, lakini kuwa mke wa Rais ni mambo ya ndoa. Tusivichanganye.

Sasa twende Tanzania. Tarehe 19 Machi 2021, Mama Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais. Mumewe, Bw. Hafidh Ameir, aliwahi kuwa afisa wa kilimo. Jamani, ikiwa mke wa Rais huitwa Mama wa Taifa, huyu tumwite Baba wa Taifa? Haiwezekani, jina hilo ni la Mwalimu Nyerere!

Kumbe Kiswahili kina jibu: mwenza wa Rais. Wengi wetu tunalijua neno hili katika "mgombea mwenza" tu, lakini uzuri wake ni kwamba haliulizi kama ni wa kike au wa kiume.

Nilimweleza Baba. Jumamosi mteja alipoanza utani wake, akamjibu, "Mimi ni mwenza wa chifu. Nikukatie kilo ngapi?"