Utrecht: muji uliofukia mufereji wake, kisha ukaufukua

Hapa kwetu, maji yakisumbua katikati ya muji, wazo la kwanza ni kuyafunika na kujenga juu yake. Muji wa Utrecht, kule Uholanzi, ulifanya hivyo pia. Lakini karibu miaka 50 kisha, ukatumia tena feza nyingi ili maji yarudi. Ni nini kilipita?

Utrecht ilipata haki ya kuwa muji mwaka 1122. Tangu zamani zile wakaaji walichimba mufereji kuzunguka muji muzima, juu ya kujilinda na maadui. Kulikuwa pia ukuta. Katika karne ya 19, ukuta haukuwa tena na faida kwa vita, wakaubomoa. Kando ya maji wakapanda miti, wakatengeneza bustani za kutembelea.

Kisha motokari zikawa nyingi. Mwaka 1958, mutaalamu wa Ujerumani, Feuchtinger, alitoa mupango wa kupitisha barabara kubwa pale maji yalipokuwa. Watu wengi wakapinga, na sehemu kubwa ya mufereji ikapona. Lakini upande wa magharibi, karibu na gare ya treni, haukupona. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kipande cha mufereji kinachoitwa Catharijnesingel kilikaushwa, na barabara ya motokari ikapita ndani ya shimo lake. Mwaka 1973, jengo kubwa la maduka, Hoog Catharijne, likafunguliwa palepale.

Miaka ikapita, watu wakaona ile barabara inatenga gare na muji wa zamani. Mwaka 2002 wakaaji wenyewe wakapiga kura. Waliwekewa mipango miwili ya kutengeneza eneo la gare, wakachagua ule wa kurudisha maji.

Kazi haikuwa ya siku moja. Upande wa kaskazini maji yalirudi mwaka 2015, na kipande cha mwisho kikafunguliwa tarehe 12 Septemba 2020. Leo mutu anaweza kuzunguka muji wa zamani kwa mutumbwi, na maji yanapita mupaka chini ya lile jengo la maduka. Na wale waliokuwa wanapita na motokari? Muji ulitia nguvu pia kwa treni, bisi na kinga: chini ya gare kuna nafasi ya kuweka kinga 12 500.

Mwaka ule ule wa 2020, mwezi wa nne, kwetu Uvira muto Mulongwe ulijaa kwa sababu ya mvua kubwa. Watu walikufa, manyumba mengi yakabomoka. Bukavu, muto Kawa unapita katikati ya manyumba, na shupa za plastiki zinashuka mupaka ziwani. Sisi hatuna feza ya Utrecht, ni kweli. Lakini kuna jambo moja ambalo halina bei kubwa: kuacha njia ya maji wazi kabla ya kujenga. Utrecht ililipa mara mbili, kwa kufukia na kwa kufukua. Na kule, kura ya wakaaji ndiyo ilisukuma kazi.

Kwenye avenue yako, maji yanapita wapi? Na nani aliulizwa siku ile walipoanza kujenga juu yake?